Randa au Mashine? Mjadala wa Kijiti cha Fimbo ya Pool

Nje theluji imefika magotini. Ndani ya gereji hii ya Grand Rapids, Michigan, hita ni moja na watu ni wanne. Tumeizunguka hita, macho yetu yako kwenye mashine isiyofanana na chochote kinachouzwa dukani. Mwili wake ni bomba la chuma la pembe nne, mita moja na nusu. Kushoto kuna mota iliyong'olewa kwenye mashine ya kukimbilia mazoezi, ambayo mwenyewe aliitupa kando ya barabara siku ya takataka. Kulia kuna mota ndogo ya waipa za gari, inayozungusha chuma kirefu cha hesi. Chuma hicho kinasukuma kigari kilichopanda juu ya beringi ndogo za milimita 22, zile za viatu vya magurudumu, na juu ya kigari imefungwa rauta, ile mashine ya mkono ambayo maseremala huchongea mapambo ya milango. Pembeni, kwa urefu wote, umesimama upapi wa alumini uliopinda kidogo mno, hata bila kuambiwa usingeona.

Yote haya ni kwa ajili ya kijiti cha fimbo ya pool.

Asiyecheza aelezwe. Fimbo ya pool ya Kimarekani ina urefu wa sentimita 147 hivi na hufunguliwa vipande viwili. Cha chini ni mpini. Cha juu, kile kinachoteleza kwenye vidole na kwenda kuupiga mpira mweupe, ndicho kijiti: sentimita 74 au pungufu kidogo. Pale kinapoungana na mpini unene wake ni milimita 21 na nusu. Kwenye ncha ni 13. Namna kinavyopungua kutoka unene ule hadi huu ndiyo tunayoiita mchongoko, na mchongoko ndio uliotuleta kwenye baridi hii.

Mwenye mashine ni kijana wa Kivu aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Mzee ni jirani yake, mtu wa Uvira, aliyekereza miguu ya vitanda na viti tangu akiwa mvulana. Kuitikia "marahaba" alijifunzia kambini, na hadi leo akiitikia hucheka kidogo. Dada ni wa Mombasa, na usiku huendesha mashine za kompyuta katika kiwanda cha vipuri vya magari. Mimi ni mchezaji tu, na si mzuri. Majina nimeyaacha kwa wenyewe. Mji wenyewe unafaa kwa ugomvi wa aina hii: tangu maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876, Marekani nzima imeujua Grand Rapids kama Mji wa Samani.

Mzee: Nianze na swali la kijinga. Randa imekukosea nini?

Kijana: Haijanikosea, Papa. Mimi ndiye ninayeikosea. Sina mkono wako.

Mzee: Mkono unapatikana kwa kuharibu miti. Umeharibu mingapi?

Kijana: Minne.

Mzee: Minne! Miguu ya vitanda niliyoharibu mimi pale Uvira ingepika wali wa harusi mbili.

Dada: Mzee wangu, huyu ana kazi mbili na watoto watatu. Hiyo miti ya harusi mbili ataiharibu lini?

Mzee: Usiku, kama anavyoijenga hii.

Mzee hayuko peke yake. Fimbo za snuka, ambazo ncha yake ni nyembamba zaidi, milimita tisa hadi kumi, bado zinachongwa kwa randa na mafundi wa Uingereza na wa Thailand. Upapi wa mraba wa mti wa ash hukatwa pembe ukawa na nyuso nane, nyuso nane zikawa kumi na sita, kisha randa ndogo ikauviringisha. Afanyaye hivyo kila siku, kidole gumba humwambia pa kukwangua na pa kuacha. Shida ipo kwenye hilo "kila siku".

Mzee: Haya, tuuache mkono. Mashine yako ina macho?

Kijana: Macho ya kuona nini?

Mzee: Nipe hivyo vijiti.

Vilikuwa kumi na viwili, vya mti wa maple ngumu, vimetundikwa kwa uzi kwenye boriti kama samaki wa kukaushwa. Mzee alikishusha kimoja kimoja, akakiweka chini ya taa, akapitisha ukucha kufuata mstari mwembamba wa kahawia unaotenga mwaka mmoja wa mti na mwaka mwingine. Vingine mstari ulikwenda moja kwa moja hadi mwisho na ukucha ukaanguka hewani. Vitatu ukucha uliteleza ukatokea ubavuni, katikati ya safari. Vitatu hivyo akaviweka sakafuni.

Mzee: Tazama hapa. Nyuzi zimeanza kwenye kiungo, zimetokea huku. Hewa ikikauka zaidi hiki kitapinda kuelekea upande huu, hata ukikichonga na mashine ya malaika. Aliyekipasua alitumia msumeno. Msumeno unafuata rula. Mti wa kijiti unapasuliwa kwa shoka na kabari, uachwe uende unakotaka wenyewe, halafu ndiyo unachukua kipimo.

Kijana: Nilivinunua vimeshaviringishwa, Papa. Shoka ningelipitishia wapi?

Mzee: Ndiyo maana nakuuliza habari za macho.

Kijana hakubisha. Vikabaki tisa, nami nikaandika kwenye daftari: Mzee moja.

Dada: Sasa tuambie, wewe ulitaka nini hasa? Haraka?

Kijana: Kila mtu anadhani haraka. Dada, kata moja ni dakika tano. Kijiti kinazunguka taratibu, mizunguko 200 kwa dakika, wakati kisu cha rauta kinakwenda zaidi ya 20,000. Kijiti kikizunguka mara moja, kigari hakijasogea hata milimita moja. Nikimaliza nakitoa, nakitundika, nangoja mwezi. Novemba vilianza na unene wa milimita 25. Nikavishusha, ncha ikawa 20. Desemba 17. Januari 15. Bado 14, bado 13 na pointi mbili, ndipo msasa. Papa hapa na randa yake angemaliza kwa siku mbili.

Mzee: Moja.

Kijana: Moja. Mimi miezi sita.

Mzee: Basi umejihukumu kwa mdomo wako mwenyewe.

Kijana: Niulize kwanza nangoja nini. Mti una mivutano ndani yake. Ukiondoa nyama ya nje, upande mmoja unaushinda mwingine, kijiti kinapinda. Ongeza hita za huku: majira ya baridi hewa ya ndani inakauka mpaka midomo inapasuka, na mti nao unakauka upande huu kabla ya ule. Mwezi unaofuata nakirudisha, nakishika kwenye vitundu vilevile viwili nilivyotoboa siku ya kwanza, kimoja kila mwisho, katikati kabisa. Palipojitokeza panakatwa, palipoingia panaachwa. Kinatoka kimenyooka. Baada ya mwezi kinapinda tena, lakini kidogo kuliko mwanzo. Ikifika kata ya tano kimechoka kubishana nami.

Mzee: Mimi nami nikingoja mwezi, nikarudi na randa?

Kijana: Ukirudi, Papa, mstari unautafuta upya, kwa jicho. Hii inarudi palepale, mara ya kwanza na mara ya tano.

Nikiri hapa. Niliingia gerejini nikiwa upande wa Mzee, kwa sababu napenda kumwona mtu na randa, na kwa sababu kelele za rauta zinaniuma kichwa. Jibu hili lilinihamisha. Tumezoea kuizungumza mashine kama chombo cha pupa, na huyu amejenga ya kwake ili aweze kungoja nusu mwaka bila kupoteza mahali alipoishia. Nikaandika: Kijana moja. Dada alikuwa bado hajakubali.

Dada: Palepale ni wapi?

Kijana: Pale kiolezo kinaposema.

Dada: Na kiolezo kinasema kweli? Nipe venia.

Kiolezo ni ule upapi wa alumini wa pembeni. Kigari kinapotambaa, kigurudumu chake kinaugusa upapi; upapi ukisogea nje, rauta inasogea nje na kijiti kinabaki kinene; ukiingia ndani, rauta inaingia na kijiti kinakonda. Kutoka kwenye kiungo hadi ncha unene unashuka kwa milimita nane na nusu, lakini upapi unaingia milimita nne na robo tu, maana rauta inakata upande mmoja na kijiti kinazunguka: unachokiondoa kwenye nusu unakiondoa kwenye pande zote mbili. Kwa hesabu hiyohiyo, kosa la upapi linazaa pacha. Robo milimita pale, nusu milimita hapa.

Dada alikifungua kipimo cha venia kama mtu anayefungua mkoba wake mwenyewe. Alianza kwenye ncha, akapima kila sentimita mbili, akisema namba kwa sauti nami nikiandika. Kumi na tano. Kumi na tano. Kumi na tano na sifuri tano. Alipofika sentimita 18 akanyamaza, akapima tena, akakizungusha kijiti robo, akapima.

Dada: Kumi na nne pointi sita. Hapa panatakiwa kumi na tano pointi moja.

Mzee: Nilijua.

Kijana: Ulijua nini?

Mzee: Kidole kilizama wakati nafuata nyuzi. Nikasema labda ni kijiti kimoja.

Havikuwa kimoja. Vyote tisa vilikuwa na bonde palepale, kati ya sentimita 16 na 24 kutoka kwenye ncha, na hata vile vitatu vya sakafuni. Nusu milimita si kitu kwa mguu wa kitanda. Kwa kijiti ni kitu, kwa sababu ugumu wa fimbo ya mviringo hupanda na kushuka kwa unene uliozidishwa mara nne kwa wenyewe. Kijiti cha milimita 13 ukikipunguza kikawa 12, kimepoteza zaidi ya robo ya ugumu wake. Bonde la nusu milimita peke yake, kijiti kikiisha, lingeondoa asilimia 14 hivi mahali hapo. Mchezaji asingejua kwa nini. Angesema tu fimbo inanesa vibaya, angelaumu chaki.

Dada: Kiolezo ulikipata wapi?

Hapo Kijana alinitazama mimi.

Fimbo aliyoiiga ilikuwa yangu. Nilimwazima mwaka jana, nikijisifu kwamba ni nzuri kuliko zote mtaani. Na nzuri ilikuwa, siku nilipoinunua. Lakini mikono yangu inatoka jasho, jasho na vumbi la chaki hufanya kijiti kikwame kwenye vidole, na dawa yangu kwa miaka mingi imekuwa kipande cha msasa mfukoni. Kabla ya kila mchezo nasugua mara mbili tatu, pale tu mkono unapopita. Yaani sentimita 16 hadi 24. Kijana alipima kwa uaminifu, akakunja upapi kwa uaminifu, na mashine ikachonga uchafu wa tabia yangu mara kumi na mbili, ikiwa na usahihi ambao Mzee mwenyewe asingeuweza.

Mzee alicheka mpaka akashika bomba la chuma.

Mzee: Basi mashine ina macho! Imekuona wewe.

Si jambo jipya. Mmarekani Thomas Blanchard alipata hataza mwaka 1819 ya mashine ya kukereza vitu visivyo vya duara kamili, na kiwanda cha silaha cha serikali pale Springfield, Massachusetts, kikaitumia kuchonga vitako vya bunduki. Gurudumu moja lilifuata mfano wa chuma, kisu kikafuata gurudumu. Kilichomo kwenye mfano, kizuri na kibaya, kilionekana kwenye kila kitako. Gereji hii imefuata kanuni ileile, na mota ya waipa.

Sasa mjadala ukabadilika. Hakuna aliyeuliza tena kama mashine inafaa. Swali likawa nani ataifundisha.

Dada: Utupe huo upapi. Weka mota mbili za hatua, kompyuta ya bei rahisi, andika namba. Kiwandani hatukunji vyuma, tunaandika namba.

Kijana: Namba za nani?

Dada: Za mchongoko unaoutaka.

Kijana: Siujui ninaoutaka. Ningeujua nisingeiga fimbo ya watu.

Dada: Basi chora mstari mnyoofu, kutoka ncha hadi kiungo. Kwa mstari mnyoofu hata kiolezo hukihitaji, sogeza tu kishikio cha mwisho mmoja kando kidogo.

Hapo nililazimika kusema, maana ndipo mchezaji anapojua asichokijua fundi. Mstari mnyoofu ni mchongoko halali, na wapo wanaoupenda: kijiti kinanenepa kidogokidogo kuanzia ncha mpaka kiungo. Ni kigumu, ni chepesi kukitengeneza. Lakini mkono unaposukuma, vidole vya mbele vinahisi kabari inavifungua. Wengi wetu tunataka shingo ndefu, sentimita 30 hivi za mwanzo zibaki na unene karibu uleule, ndipo kijiti kianze kunenepa. Vidole havihisi kitu. Gharama yake ni kunesa, na pale shingo inapoanza kupanda lazima ipande polepole, bila kona. Kona hiyo ndiyo siri ya kila fundi, nami sijaona namba zake zikifanana kwa mafundi wawili.

Mzee: Nipeni ubao mmoja wa maple, mkavu, nyuzi nzuri. Na wiki tatu.

Dada: Utafanya nini?

Mzee: Nitachonga kimoja. Huyu bwana wa msasa atakishika, aseme panapomkwaza. Nitakwangua. Akinyamaza, wewe utapima.

Kabla ya kuagana Dada alileta ugomvi mwingine, na huu haukuwa na pande mbili. Kisu cha mizunguko 20,000 hakikuwa na kinga. Swichi ya kuzima ilikuwa nyuma ya mota, ng'ambo ya kijiti kinachozunguka. Kijiti chembamba cha urefu huo kikishikwa ncha zote mbili na kusukumwa katikati hukwepa kisu, kikirudi hupigwa, kisha hutetemeka, na kikivunjika hakichagui pa kwenda. Kiwandani, alisema, mtu angefukuzwa kabla ya chai. Wiki iliyofuata kulikuwa na kitufe chekundu mbele, kifuniko cha plastiki ngumu juu ya kisu, na beringi mbili nyuma ya kijiti zinazotembea na kigari ili kukiegemeza. Mtetemo ukapungua nusu. Kijana alisema angefanya tangu mwanzo. Sisi watatu hatukumwamini.

Tulipokutana tena ilikuwa Machi na barabara zilikuwa tope. Mzee alikuja na kijiti chake kimefungwa kwenye khanga ya mkewe. Kabla ya hapo nilikuwa nimekishika mara saba kwa wiki mbili. Mara tano nilisema "hapa", naye akakwangua kwa kipande cha kioo kilichovunjika, unga mwembamba ukianguka kwenye viatu vyake. Mara mbili za mwisho sikuwa na la kusema.

Dada: Kimepinda.

Mzee: Kidogo.

Dada: Milimita moja na nusu katikati. Jumapili kilikuwa kimenyooka.

Kijana: Papa, nikukumbushe habari za siku moja?

Mzee: Kumbusha. Nimezeeka, sijafa.

Dada: Hainisumbui. Unene haujali kupinda. Nikishika kila sentimita tano nikapima, nachukua nilichokuja kuchukua.

Alipima pande mbili kila mahali. Kijana alikuwa ameuondoa upapi wa zamani na kuweka mwingine mwembamba, unaosukumwa kutoka nyuma na skrubu kumi na tano, moja kila sentimita tano. Dada anasoma, Kijana anazungusha, nusu ya tofauti kila mara. Kazi iliyochukua dakika tano kwenye kijiti ilichukua saa mbili kwenye kiolezo, na ndiyo sehemu ya usiku ule ambayo ningependa kila anayefikiria kujenga mashine ya namna hii aishuhudie. Watu hutumia fedha kwenye mota. Mota yoyote inayozunguka bila kuruka inatosha. Saa zako zipeleke kwenye upapi na kwenye vitundu viwili vya katikati.

Wakati skrubu zinazungushwa, Dada alileta hoja ya soko, ambayo nilitegemea ingeanza mapema.

Dada: Unajua unashindana na nani? Vijiti vya nyuzi za kaboni. Havipindi, havinyonyi jasho, na ncha yake ni nyepesi, kwa hiyo mpira mweupe ukipigwa pembeni haupotoki sana.

Kijana: Nashindana na nani? Bei yake ni mamia ya dola kwa kijiti. Na siwezi kukata kaboni kwenye gereji wanangu wanapoegesha baiskeli. Vumbi lake silitaki mapafuni.

Dada: Mashine za kuchongoa zinauzwa zimekamilika.

Kijana: Kwa maelfu ya dola. Hii ni ya majalalani.

Hoja ya ncha nyepesi si ya kaboni peke yake. Kampuni ya Predator ya hapa Marekani, iliyoanzishwa 1994, ilijijengea jina kwa vijiti vya mbao vilivyotengenezwa hivyo, kaboni ikaja baadaye. Lakini swali la kama Kijana atatajirika mimi silioni kuwa swali. Hatatajirika. Kilomita 65 kutoka hapa, pale Muskegon, kampuni ya Brunswick, ya meza za pool, ilifungua kiwanda kikubwa mwaka 1906. Hakuna mtu atakayewafikia hao kwa mota ya waipa. Anachoweza ni kumtengenezea mtu kijiti kipya badala ya kumwambia atupe fimbo nzima, na huku wachezaji ni wengi.

Mzee yeye aliingiza jambo lake.

Mzee: Na mipini? Utanunua ya hawa?

Kijana: Unataka nini, Papa?

Mzee: Mpingo.

Kijana: Mpingo unazama majini. Kijiti cha mpingo kingekuwa mtaimbo.

Mzee: Nimesema mpini. Mpini unataka uzito.

Ana haki. Mafundi wa fimbo wa Marekani wanautafuta mpingo wa Tanzania na Msumbiji kwa mipini, kama watengenezaji wa zumari za klarineti. Ila tangu Januari 2017 jamii yote ya miti hiyo imo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kipande cha kuingiza kinataka karatasi zake. Mzee alisikiliza hayo, akasema enzi zake kipande cha mpingo kilitaka msumeno mzuri tu. Tukaachia hapo.

Kata ya nne ilifanyika saa nne usiku. Kijana alifunga kijiti cha kwanza kwenye vitundu vyake, akashusha kifuniko, akabonyeza. Rauta ikalia, kigari kikaanza kutambaa, na unga mweupe wa maple ukarushwa kwenye bomba la mashine ya kufyonza vumbi. Hakuna aliyeongea kwa dakika tano. Dada hakungoja mota isimame vizuri.

Dada: Sentimita ishirini. Kumi na nne pointi moja.

Mzee alipitisha kidole gumba, polepole, kutoka ncha hadi kiungo. Hakusema kitu, akakitundika kwenye boriti mwenyewe.

Bonde langu limekwisha, kwa kuwa lilikuwa na milimita 14 na pointi sita na kata mpya ilipita chini yake. Kama Kijana angekuwa na haraka, kama angeshuka hadi 13 mwezi wa kwanza, vyote vingekuwa kuni. Kati ya tisa, kimoja kilipinda kupita kiasi kikaungana na vile vitatu vya sakafuni, ambavyo Mzee ameomba avikereze viwe miguu ya kigoda. Vinane vinaning'inia. Kata ya tano ni Aprili.

Maamuzi yangu, kwa kuwa mjadala huu uliwekwa mikononi mwangu: mashine ijengwe, na kiolezo chake kitoke kwenye randa ya mtu anayejua.

Kijiti cha Mzee kimetiwa kipete cheupe na kingozi kwenye ncha, nami ndiye ninayekitumia. Kimepinda milimita moja na nusu, na sichezi vizuri kiasi cha kuona tofauti. Nilipewa kwa sharti moja: kipande cha msasa nikiache gerejini. Kiko pale, kimebandikwa ukutani juu ya kitufe chekundu.